Nilitafsiri "anciennes" kuwa "ya zamani", mdogo wangu akakosa udaktari

20 Agosti 1951. Asubuhi baridi, kufika saa nne jua kali. Vumbi. Moshi wa kiwanda umelala upande wetu.

Wakuu, heshima zenu. Mistari hiyo ya juu nimeinakili kutoka daftari langu, na ndiyo siku mambo haya yalipoanzia. Mji ni Lubumbashi, wakati huo ukiitwa Élisabethville.

Nitaandika yaliyotokea tu. Daftari liliponyamaza, nitawaambia limenyamaza. Na pale ninapotegemea kichwa changu nitasema pia, maana kichwa changu mwenyewe sikiamini sana.

Kilichonisukuma ni uzi wa yule kijana aliyeuliza achukue combi gani, PCB au HGL, na wengi mkamjibu kwa utani. Mimi sikuweza kucheka.

Kiswahili changu ni cha Katanga, nimekinyoosha kidogo kwa miaka niliyokaa Kigoma. Maneno ya watu wa nyumbani nitayaacha kama walivyoyasema: "banasema" yao ni "wanasema", na "njo" ni "ndiyo".

Twende.

Mwaka huo mimi nilikuwa kijana wa miaka kumi na minane, pointeur kazini, yaani yule anayeandika majina ya wafanyakazi asubuhi, nani amefika na nani hakufika. Shule nilifika la sita ya msingi, basi. Lakini nyumbani mimi ndiye niliyejua Kifaransa, kwa hiyo kila karatasi ilipita mikononi mwangu.

Tata, yaani baba yetu, alikuwa fundi wa karakana. Mkono wa kulia alibaki na vidole vitatu. Viwili vilichukuliwa na mashine ya kuchonga chuma, mashine kuukuu ambayo kila mtu pale alijua kwamba inaruka.

Mdogo wangu Bonifasi alikuwa na miaka minane siku ile ya ajali. Alimfuata mama hospitalini, akasimama pembeni, akahesabu nyuzi daktari alizomshona tata. Kumi na saba. Tangu hapo akasema atakuwa munganga, yaani daktari. Hakusema "nataka". Alisema "nitakuwa", na hakubadilisha.

Sasa, mwaka 1951, amefika miaka kumi na mitatu, amemaliza msingi, amechaguliwa sekondari.

Hapa nisimame kidogo, maana wengine mtapotea. Ninyi form six ndiyo mwisho. Kwetu hesabu ilikuwa inashuka: unaanza la sita, unakwenda la tano, mpaka la kwanza, ndipo unamaliza. Kwa hiyo hiyo sixième, la sita, ndiyo mlango wenyewe, na njia inachaguliwa mlangoni, na mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Mompe alikuja nyumbani na karatasi. Mompe ndivyo tulivyowaita mapadri. Huyu alikuwa mgeni nchini, Kiswahili chake cha kuombea maji tu, akazungumza nami Kifaransa. Alikuwa mtu mwenye subira, nasema kweli. Mwishoni aliniuliza kama nimeelewa vizuri. Nikamjibu, "Oui, mon père."

Alipoondoka, tata akaketi.

"Soma polepole. Banasema nini?"

Karatasi ilikuwa na visanduku viwili. Kimoja *humanités anciennes*. Cha pili *humanités modernes*. Nikatafsiri nilivyojua.

"Banasema tuchague. Kuko masomo ya zamani, na kuko masomo ya sasa."

Tata akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha.

"Manguo ya zamani banatupatia. Biatu ya zamani banatupatia. Mashine ya zamani njo ile ilikula bidole yangu. Sasa banataka na akili ya mutoto ikuwe ya zamani?"

Wakuu, niambieni, ningemjibu nini? Kila kitu kilichotufikia kutoka kwa wazungu kilikuwa kimevaliwa kwanza na mtu mwingine. Hata kabuti langu la kazini lilikuwa na jina la mtu ndani ya kola.

Mama alikuwa mlangoni anachambua mboga. Akasema, "Na mutoto mwenyewe, hamumuulize?"

Bonifasi akaulizwa. Akasema anataka ile yenye itamufikisha kwa unganga.

Tata akapiga meza kwa vidole vyake vitatu. "Umeona? Munganga ya zamani ni ule wa mizizi na pembe. Mutoto anataka munganga wa sindano. Ile ya sasa."

Sisi wote tuliona ni kweli. Hata leo nikiisoma hoja ile, sioni ilipokosea, isipokuwa kwenye neno nililompa mimi.

Kisha tata akauliza kama mompe hakusema lingine. Nikasema mompe amesema masomo ya zamani yana Latini, na Latini ni kwa ajili ya mambo ya Kanisa la dunia yote.

"Upadri," tata akasema.

"Nafikiri ni upadri."

"Mi natafuta bajukuu."

Akaweka sahihi kwenye kisanduku cha modernes. Chupa ya wino nilimshikia mimi.

Miaka sita ikapita. Bonifasi alishuka la tano, la nne, la tatu, hadi la kwanza. Mara nyingi alikuwa wa pili darasani, mara mbili alikuwa wa kwanza. Alisikiasikia kwamba Latini ni kitu kikubwa, lakini alijitegemeza kwenye pointi zake. Walimu wake nao siwalaumu. Alipoanza, nchi nzima haikuwa na chuo kikuu kwa ajili ya mtu kama yeye. Moderne ilikuwa ya kutoa makarani wazuri, na makarani wazuri ilitoa.

Kisha chuo kikuu kikaja, tena mjini kwetu. Mama alianza kumuita Bonifasi "dokotolo" akimtuma dukani. Majirani wakafuata. Mwenye duka alikuwa anamwonyesha ulimi kila asubuhi, ati amwambie kama ana malaria.

9 Septemba 1957. Joto. Upepo wa vumbi, mvua bado.

Siku hiyo niliomba ruhusa kazini nikamsindikiza kwenye ofisi ya kuandikisha. Alivaa shati jeupe, tai ya kuazima. Karatasi zake nilizibeba mimi ndani ya bahasha ili asizitoe jasho.

Karani alikuwa mweusi kama sisi, mwenye miwani, mpole. Aliangalia pointi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kutabasamu. Akageuza ukurasa, akauliza kwa Kifaransa, miaka mingapi ya Latini?

Bonifasi akajibu, "Kumi na moja."

Karani akainua macho. "Kumi na moja?"

"Tangu niko mutoto wa altari. Misa sijakosa."

Sijui hadi leo kama alikuwa anatania au alikuwa anajaribu bahati. Nafikiri yote mawili. Waliokuwa kwenye mstari nyuma yetu wakacheka, na mmoja akasema, "Ule atawapa bagonjwa komunyo."

Karani naye alicheka. Halafu akaona uso wa Bonifasi, akaacha.

"Mudogo, ile iko latini ya kuitikia. Haiko latini ya masomo. Kwa unganga banaomba anciennes. We ulifanya moderne."

Nikasikia lile neno. Anciennes. Neno lile lile, kwa sauti ya mtu mwingine, miaka sita baadaye.

Wakuu, nilishtuka hadi masikio yakaziba. Niliona mdomo wa karani unaendelea kutembea, sauti sikuipata.

Nilipopata kusema, nikamuuliza, ya zamani inatangulia ya sasa namna gani? Alinijibu vizuri, hakunidharau. Akasema hiyo ni zamani ya Baroma na Bagiriki, "haiko zamani ya kuchakaa". Akasema wazungu wenyewe watoto wao walio wa kwanza darasani huwapeleka huko huko.

Nikauliza kama kuna njia. Akasema njia ipo ya kurudia sixième. Bonifasi alikuwa na miaka kumi na tisa. Angeketi benchi moja na watoto wa kumi na mitatu, miaka sita tena. Au asome Latini peke yake na kujaribu mtihani, ambao karani alisema hajaona mtu wetu aliyeufanya. Au achukue yaliyo wazi kwa moderne, ambayo unganga haumo.

Akatusukumia bahasha taratibu, kwa mikono miwili.

Tulirudi kwa miguu. Tulikuwa na pesa ya basi lakini hakuna aliyekumbuka basi. Kwenye njia ya reli tulisimama kungoja treni ya mizigo ipite, na ilikuwa ndefu. Ilipokwisha kupita Bonifasi akaniita yaya, yaani kaka, akasema:

"Yaya, ile karatasi nani aliisoma?"

"Mimi."

"Na mompe hakusema kitu?"

"Sikumbuki."

Hapo sikudanganya. Sikukumbuka. Ila tangu reli mpaka nyumbani neno "sikumbuki" lilinifuata, kwa sababu mimi ni mtu wa kuandika kila siku, na mtu wa daftari hana haki ya kusema hakumbuki.

Nyumbani tata alikuwa ameshaona nyuso zetu. Hakuuliza mengi. Alisema tu, "Mimi njo nilichagua." Akalirudia, akiangalia mkono wake. "Mimi njo nilichagua. Musiulize muntu mwingine."

Jua lilikuwa bado lipo. Nikaenda kwenye sanduku langu, nikatoa daftari la mwaka 1951, nikatafuta ile siku.

Mstari wa nne. Mwandiko wangu mwenyewe:

"Mompe anasema Latini ni mulango ya iniversite. Kutafuta maana."

Niliusoma mara tatu. Iniversite. Ndiyo chuo kikuu, ila wakati ule neno hilo sikulijua, sikuwahi kuliona. Nililojua ni lile la katekisimu ya Kifaransa, Kanisa *universelle*, la dunia yote. Nikalichukua hilo nikamwambia tata, kisha usiku nikajiandikia nitafute maana ya lile jingine.

Mompe alisema. Aliusema mlango kwa jina lake. Mimi ndiye niliyekuwa mlangoni na ufunguo mkononi, nikadhani ni rozari.

Sasa hapa ndipo ninapojihukumu hadi leo. Hakuna aliyejua kuhusu mstari ule. Tata alikuwa ameshajibebesha lawama. Kulifunga daftari tu, basi. Nilikaa nalo kitandani muda ambao sikuupima, na nikiri, nililifunga. Halafu nikalifungua tena. Sitaki mnione mwema: nilichoogopa zaidi ni kwamba Bonifasi anajua nilipoweka sanduku.

Nikatoka, nikawasomea. Maneno yale tu, bila kuongeza.

Tata akaangalia ukuta. Mama aliacha kukoroga chungu.

Bonifasi akauliza, "Ulitafuta?"

"Nini?"

"Maana."

"Hapana."

Hakupiga kelele. Aliitikia kwa kichwa, kama daktari aliyepewa jibu alilotegemea.

Niwape yaliyofuata kwa ufupi, kwa sababu mtauliza. Alinunua kitabu cha Latini, akakisoma peke yake mwaka mmoja na zaidi, kisha akakiweka juu ya kabati. Akawa mwalimu wa hesabu, kwanza mji wa Sakania, baadaye hapa Lubumbashi, mtaa wa Bel-Air. Mwalimu mzuri, si mimi ninayesema. Kila Agosti alikuwa anapita kwa wazazi wa wanafunzi, nyumba kwa nyumba, anawasomea karatasi za shule kwa Kiswahili na kuwauliza warudie walichosikia. Mimi hakunialika hata mara moja kwenye mizunguko hiyo. Wala hakuniambia neno baya hata mara moja. Kama alinisamehe, sijui, na kwa kuwa hayupo tena sitamsemea.

Nilichojifunza ni kidogo. Neno usilolijua usilipitishe kwa mzazi likiwa limevaa nguo za neno unalolijua. Sema, "hili sikulielewa." Ni aibu ya dakika moja. Na wewe kijana wa PCB na HGL, usituulize sisi combi ipi ni nzuri. Tafuta karatasi ya chuo unachokitaka, soma wanaomba nini, halafu urudi nyuma hatua kwa hatua mpaka hapo ulipo. Ukikwama kwenye neno, uliza siku hiyo hiyo.

Walimu, wazazi, au mliowahi kuwa wakalimani wa nyumba kama mimi, nisahihisheni nilipokosea. Nani alichagulia mwingine masomo, na ikawaje? Nitasoma yote, hata ya kunilaumu.

Ukurasa wa siku ile ya 1957 unamalizia hivi, nanakili (bukari ni ugali, lenga-lenga ni mchicha, na Kilwa hii ni ya ziwani kwetu, si ya pwani):

"Jioni bukari, lenga-lenga, samaki kavu ya Kilwa, mmoja. Kichwa ni cha tata siku zote. Leo tata amekiweka kwa sahani ya Bonifasi. Bonifasi amekipasua, nusu ameweka kwa yangu. Nimekula."