Mmea wa Mama Mkwe Niliouzamisha

Nilikuwa nimeolewa Mutomo miezi mitatu tu mama mkwe, niliyemwita Mwaitu, yaani mama, aliposafiri kwenda Mwingi kumsaidia binti yake aliyejifungua. Aliniachia mmea wake wa shina nene na maua mekundu, ambao marehemu mumewe alimng'olea mwambani wakiwa bado wachumba.

Mwezi wa saba majani yote yakapukutika. Nikaingiwa na hofu, nikawa naumwagilia asubuhi na jioni. Ulipolegea nikaongeza maji. Ulipoinama nikaufunga kwa kijiti, nikauombea.

Aliporudi alibonyeza shina, kidole kikazama.

"Uliumwagilia?"

"Kila siku, Mwaitu. Niliona unakufa."

"Ulikuwa umelala tu. Kila kiangazi hulala, na mvua ikikaribia unaamka wenyewe."

Nikakosa pa kuweka macho. Alitafuta tawi moja lililobaki gumu, akalikata, akaliweka kivulini likauke ili tulipande baadaye.

"Na maji ulitoa wapi, mto umekauka hivi?"

"Niliupa yale yangu ya kuoga."

Akanisogelea, akaninusa shingoni, akacheka mpaka akajifuta machozi. Kisha akanikumbatia.

"Ndiyo maana unanuka kama beberu, mwanangu."