Dobi aliyesoma mikunjo ya gauni la binti yake

Ni Jumamosi asubuhi, jua halijapanda sana, lakini chumba cha dobi tayari kina joto la jikoni. Kuna dirisha moja, meza ndefu iliyofunikwa blanketi kuukuu na pasi mbili za mkaa zinazopokezana. Mwenyewe, mwanamume wa miaka arobaini na saba, anachovya vidole kwenye bakuli la maji, ananyunyizia ukosi wa shati jeupe, kisha anashusha pasi. Mvuke unampiga usoni wala hapepesi macho.

Juu ya paa la bati kunasikika vishindo. Ni binti yake wa miaka kumi na mitano, anakaza kamba za kuanikia. Mtaani wanamwita Paka, kwa jinsi anavyopanda kuta. Amevaa suruali pana iliyokunjwa chini na shati la mikono mifupi lisilombana popote.

"Teremka polepole wewe, sina hela ya plasta!" baba anafoka bila kuinua kichwa.

"Nikianguka nitakuangukia wewe, baba. Wewe ni laini," anajibiwa kutoka juu.

Kwa siku njema dobi huyu hunyoosha nguo sitini, malipo yanayotosha kodi ya chumba, mkaa, ada ya shule na chakula, bila kubaki cha kuringia. Suruali na shati la binti yake havina thamani kubwa sokoni. Lakini kuvipata kumewachukua wawili hawa karibu mwaka mzima, na katikati yake kulikuwa na kununiana kwingi.

Mama wa Paka alifariki binti akiwa na miaka sita. Dada mdogo wa dobi alihamia kwao akamlea mtoto, na ndiye aliyekuwa akimnunulia nguo. Alinunua magauni ya maua, magauni ya lasi, magauni yenye mkanda mpana kiunoni. Paka hakuwahi kulalamika. Aliyavaa yote.

Ila alianza kukosekana. Kukiwa na sherehe, tumbo linamuuma. Kukiwa na picha ya familia, anaumwa kichwa. Akilazimika kwenda, anachagua kiti cha pembeni na hainuki hadi watu watawanyike.

"Nilidhani ni umri," anasema dobi. "Watu waliniambia wasichana ndivyo walivyo wakianza kukua, wana mambo yao. Nikamwacha."

Dobi anasema nguo huwa na maneno mengi kuliko mwenyewe. Suruali ya karani ina mistari nyuma ya mapaja kwa kukaa kutwa. Shati la dereva hujikunja pale mkanda wa gari unapopita. Lakini magauni ya Paka yalirudi kila wiki na mkunjo ambao hakuujua: mbele, usawa wa mapaja, kulia na kushoto, kitambaa kimefinyangwa vibaya.

"Nikawa nalaumu kitambaa. Namwambia dada yangu, unauziwa takataka. Nanyoosha, wiki ijayo uko palepale. Siku moja nikaweka mkono juu ya ule mkunjo, nikafunga ngumi. Ukaingia sawasawa. Kumbe mtoto akiwa kwa watu, muda wote amelishika gauni, analivuta chini."

Anaitua pasi kwenye kigae. "Niliumia sana. Yeye alikuwa ananiambia kila wiki, na mimi kila wiki naufuta."

Alichofanya baada ya hapo anakisimulia kwa aibu na kicheko. Alikwenda kwenye mitumba akarudi na furushi: jinzi za kiume, kofia, fulana yenye picha ya mwanamieleka ametoa meno. Paka alishukuru, akalisukuma furushi lote chini ya kitanda.

"Nilicheka, halafu nikalia," anasema Paka, ambaye sasa ameshuka na kukaa juu ya beseni lililopinduliwa. "Baba alidhani nataka kuwa mvulana. Mimi ni msichana, na sina shida na hilo. Nataka tu nguo ambayo nikiivaa naisahau."

Ndipo baba akakumbuka gunia. Kila dobi ana gunia la nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua, na ukutani kwake kuna tangazo kwamba baada ya mwaka mmoja nguo ni mali ya duka. Akalimwaga lote mezani. Masharti yalikuwa machache: hakuna kioo, na hakuna kuuliza kama umependeza. Paka alijaribu nguo nyuma ya pazia, akafanya nayo kazi kidogo, akabeba maji, akapanda ukuta, kisha akaivua na kumpa baba aikague mikunjo.

Koti la bwana mmoja mnene lilimfanya aonekane amebebwa na hema, na walicheka hadi jirani akaja kuchungulia. Lakini jibu lilijitokeza taratibu. Kwapa liwe na nafasi. Kiuno kiwe cha kamba, si cha zipu. Shingo isikabe. Na mifuko iwe mirefu, kwa sababu mikono iliyozoea kushika gauni ilihitaji pa kwenda.

Fundi cherehani wa chumba cha pili alishona kwa kufuata hayo, na alilipwa kwa kupigiwa pasi kazi zake.

Mambo yangeishia hapo, kama shangazi asingepata mchumba.

Harusi ni Jumamosi ijayo. Shangazi ana miaka arobaini na ameisubiri siku hiyo kwa muda mrefu. Wasichana wa kumtangulia ukumbini wamechaguliwa gauni la rangi ya damu ya mzee, la kubana kiunoni, na Paka ni mmoja wao.

"Alinitangazia mapema kabisa kwamba Jumamosi hiyo ataumwa," anasema dobi. "Sasa dada yangu ndiye aliyemlea. Asipotokea, hilo jeraha haliponi."

Kwa hiyo kipande cha kitambaa cha magauni hayohayo kilipelekwa kwa fundi kimyakimya. Kimerudi suruali pana na shati refu, na sasa vinaning'inia mlangoni. Shangazi anaingia kufuata shela lake, na jambo la kwanza analoliona ni hilo.

"Kaka, hii ndiyo nini?"

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo."

"Shikamoo, shangazi," anasema Paka, akisimama.

"Marahaba. Mwanangu, watu watasema sikukulea. Watasema hana mama, ndiyo maana."

Sauti yake inakatika. Paka anaangalia sakafu, kisha anainua uso.

"Nikivaa gauni nitakuja, na utaniona kwenye picha. Ila ukiinuka kucheza, mimi sitainuka. Na mimi nataka kucheza na wewe, shangazi."

Shangazi anaisogelea nguo mlangoni. Anaushika mshono wa bega, anaugeuza, anaingiza mkono mfukoni hadi karibu na kiwiko.

"Leso inaingia humu?"

"Hata tano."

"Basi utanibebea. Nitalia, najijua." Anavuta pumzi. "Na hutangulii na wale wengine. Unaingia na mimi. Baba yako mkono huu, wewe huu."

Dobi amegeukia ukuta, anapuliza pasi ambayo mkaa wake umekolea zamani. Akiulizwa, anasema ni moshi.

Jumamosi ijayo atafunga duka. Baadaye anapanga kumwomba fundi ashone nguo nyingine mbili, za kutokea.

"Siku akitaka gauni, nitalipiga pasi. Asipotaka, sawa," anasema, akiutazama mgongo wa binti yake anayepanda tena ukuta. "Natamani tu tukialikwa mahali, aniulize tunaondoka saa ngapi."