Neno Alilolieleza Katekista Pantaleo

Pale Mwabuluba, upande wa Bukombe, watu walimwamini Katekista Pantaleo kuliko mwenyekiti wa kijiji. Alisoma seminari miaka mitatu enzi za ujana wake, na ni yeye peke yake aliyebaki akijua Kilatini.

Barua ya mgodi wa jirani ilipofika, ikisema kijiji "kitafanyiwa aneksi kwenye eneo la mgodi", mwenyekiti Maganga alimkabidhi Pantaleo palepale kwenye mkutano wa kijiji.

"Katekista, hili neno ni nini?"

Pantaleo akalitazama, moyo ukamchangamka. "Hiki ni Kilatini. Ad, kuelekea. Nectere, kupiga fundo. Ni kufunga kitu kwenye kingine."

"Kwa hiyo tunafungwa?" akauliza Eufrasia, mjane waliyepakana naye mashamba.

"Tunaunganishwa, mama. Kama unavyoongeza chumba kwenye nyumba. Maji yao yatatufikia, na umeme."

Hayo ya maji na umeme hayakuandikwa popote. Lakini watu walijipanga kutia dole gumba kukubali, Pantaleo akiwa wa kwanza.

Mvua za masika hazijakatika, vigingi vikapigwa, ukaja uzio, halafu tingatinga. Pantaleo alikwenda ofisi ya mgodi. Alipokewa na binti mmoja wa idara ya mahusiano, Loveness.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mwanangu, ile aneksi si kuunganisha?"

"Asili yake ndiyo hiyo. Ila nchi kubwa ikifanyia aneksi nchi ndogo, babu, ile ndogo imemezwa. Ndivyo linavyotumika. Hukujua?"

Hakujua. Kilatini chake kilikuwa cha sala tu.

Eufrasia alikuwa wa mwisho kuondoka kijijini. Alikuwa anahamia kwa kaka yake, kule Ngokolo. Pantaleo alimkuta akifunga magodoro kwenye pikipiki ya matairi matatu.

"Mama, nisamehe. Nilikosea."

"Ulituambia umeme, Katekista," akasema bila kugeuka, akaendelea kukaza kamba.

Pantaleo alipanga chumba Ushirombo. Kaburi la mkewe Mektilda lilibaki ndani ya uzio. Mara mbili alikwenda kuomba apalilie majani, mara mbili mlinzi akamdai barua ya kibali. Mara ya tatu hakwenda.

Jumapili moja paroko alimwomba asome somo la kwanza. Alipanda mimbarini, akafungua kitabu, akaziona herufi vizuri kabisa. Watu wakangoja. Akakifunga, akashuka, akaketi benchi la nyuma karibu na mlango. Somo lilisomwa na msomaji mwingine, Valerian.