Kitanda Ambacho Sikukiandika

Gundi ya bahasha ina ladha yake. Mwanzoni ni tamutamu, halafu inaacha ukakasi kwenye ulimi. Katika duka ninalofanyia kazi hapa Kitale, tunatoa fotokopi na kuuza vifaa vya kuandikia, na siku hizi bahasha hununuliwa na wanaotafuta kazi na watu wa kamati za harusi. Barua za nyumbani zimekwisha. Lakini mwezi uliopita mzee mmoja alinunua bahasha, akailamba palepale mbele yangu, akaibana kwa kidole gumba, na mimi nikaisikia ile ladha mdomoni mwangu. Mara nikawa niko kijijini Myanga, nina miaka kumi na miwili.

Nimeanza kuandika. Nalisema jambo hili kwa sauti ya chini kwa sababu bado naona haya. Nina madaftari matatu, hadithi mbili zilizokamilika na moja iliyokataa katakata kukamilika. Watu wakiniuliza nilianza lini, huwa nawaambia mwaka jana. Si kweli. Nilianza kwa Kukhu, ndivyo sisi Wabukusu tunavyomwita nyanya, na kazi yangu ya kwanza niliiharibu. Sijawahi kulieleza hadharani, lakini ninyi mnaosoma mmekuwa wavumilivu kwangu, nami leo sitawaficha.

Kukhu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyependa maneno mengi. Alinukia moshi wa kuni na mafuta ya mgando. Kanisani aliimba kwa sauti nzito kuliko ya wanaume, lakini nyumbani ukifanya vizuri alisema "Mm", na ukikosea alisema "Mm" nyingine, na sote tulijua tofauti yake. Baba na mama walikaa Kanduyi, baba akiwa karani mjini Bungoma. Mimi niliachwa Myanga nimsaidie Kukhu kuteka maji, na nadhani pia nimjazie nyumba, maana ilikuwa imepungua mtu.

Mtu huyo alikuwa shangazi Robai, kitinda mimba wa Kukhu. Ndiye aliyenifundisha kusoma, kwa kunionyesha herufi kwenye gazeti lililofungia sukari. Alikuwa amebakiza muhula mmoja tu kumaliza chuo cha ualimu alipokuja nyumbani na kusema ameacha, anaolewa. Bwana mwenyewe alikuwa mkulima wa viazi upande wa Trans-Nzoia, kijana mpole ambaye wazazi wake walitoka kule Kati ya Kenya, wakahamia huko zamani. Kukhu hakuwa na neno na kijana. Neno lake lilikuwa na chuo. Yeye mwenyewe hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na huyu ndiye mtoto aliyekuwa asome kwa niaba yake. Siku shangazi alipotoka na sanduku lake la bati, Kukhu alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Ukitoka na hilo sanduku," alisema, "usilirudishe hapa."

Shangazi akatoka nalo. Miaka mitatu ikapita bila neno kutoka upande wowote. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu.

Halafu Jumapili moja baada ya kanisa, Kukhu alinikuta uani nikipepeta mahindi. Alikuwa ameshika pedi ya kuandikia barua, zile karatasi za samawati zenye mistari na ua dogo kwenye kona, na bahasha moja. Sijui alivipata wapi.

"Si mwalimu anasema unajua kuandika?" akaniuliza.

Nilijua. Nilikuwa darasa la sita na insha zangu zilisomwa mbele ya darasa la saba. Nilikuwa na daftari lote la maneno mazito niliyoyakusanya kama wenzangu walivyokusanya vizibo vya soda. Nikaosha mikono, nikakaa juu ya mkeka, nikaiweka pedi juu ya ubao wa kukatia mboga.

"Andikia Robai," akasema. Kisha akavuta mchicha wake karibu, akaanza kuuchambua. "Mwambie mvua imenyesha. Mwambie maharagwe yamefunga. Mwambie kile kitanda chake sijampa mtu, kiko palepale chini ya dirisha. Godoro nimelianika jana."

Nikangoja zaidi.

"Basi," akasema.

Naomba mnielewe. Nilimwonea Kukhu huruma. Barua gani hiyo ya magodoro? Miaka mitatu mtu amepotea, unamwandikia habari za maharagwe? Nikaona kwamba mimi, kwa elimu yangu, ni lazima nimwokoe. Nikainama, nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Nikamtumia shangazi salamu nyingi kama mchanga wa baharini, mimi ambaye bahari nilikuwa sijaiona hata kwa picha. Nikamwarifu kuwa mamake ni buheri wa afya. Nikaandika kwamba machozi ya huzuni yanamtiririka njia mbili mbili, ingawa Kukhu alikuwa ameketi hapo mbele yangu macho makavu kabisa, akichambua mchicha. Na nikamalizia kwa sentensi niliyojivunia wiki nzima: "Nakukumbuka kama kifaranga amkumbukavyo mama yake." Kwamba aliyekuwa anaandika ndiye mama, na kifaranga ni yule mwingine, hilo halikunijia.

Mvua niliiacha, nayo maharagwe yakafuata. Kitanda sikukiandika.

"Nisomee," Kukhu akasema.

Nikainua karatasi mbele ya uso na kumrudishia maneno yake yaleyale, kutoka kichwani, macho yangu yakitembea juu ya mistari kana kwamba ninasoma. Mvua imenyesha. Maharagwe yamefunga. Kile kitanda chako sijampa mtu. Yeye akasikiliza, kichwa ameinamisha upande. Nilipofika mwisho alikuja akachutama kando yangu.

"Ya kitanda iko wapi?"

Nikaonyesha mahali, popote tu. Kukhu akaweka kidole chake, chenye ufa wa jembe ubavuni, juu ya neno "kifaranga". Akakiacha hapo kidogo.

"Mm," akasema. Ile nzuri.

Akailamba bahasha yeye mwenyewe. Nilitaka kuilamba mimi, akaniachia kona moja. Barua ikachukuliwa na mama mmoja wa kanisani aliyepeleka ndizi soko la Kamukuywa, na huko akampa mtu wa Kitale aifikishe.

Wiki zilizofuata, kila Jumamosi Kukhu alilitoa lile godoro, akalipiga kwa fimbo, akaligeuza juani, akalirudisha. Akisikia gari limepunguza mwendo barabarani, alisimamisha mkono wake hadi lipite. Mahindi yakavunwa, tukaingia mwaka mwingine. Hakuna aliyekuja, wala jibu halikuletwa. Siku moja nilijitolea, nikamwambia, "Kukhu, tuandike nyingine?"

"Hapana," akasema. "Kateke maji."

Godoro halikuanikwa tena. Nami nikadhani amesahau.

Kukhu alifariki nikiwa kidato cha pili. Shangazi Robai alikuja mazishini na mumewe na watoto wawili ambao hatukuwajua majina. Alisimama nyuma kabisa, karibu na ua, na kaburi lilipofukiwa akaondoka. Hakuingia ndani ya nyumba.

Maisha ndiyo yaliyonileta Kitale, na huku sikuwa na ndugu mwingine. Jumapili nyingi nakula kwa shangazi. Ni mama wa makamo sasa, ana kicheko cha haraka, ana jiko la gesi asiloliamini. Jumapili baada ya yule mzee wa bahasha, tulikuwa jikoni tukimenya viazi, nikamwambia kwamba naandika hadithi.

"Hiyo si mpya," akasema. "Si ni wewe uliandika ile barua ya kifaranga?"

Kisu kikasimama mkononi mwangu. Yeye alikuwa anacheka tayari.

"Ati salamu kama mchanga wa baharini! Bana, nilicheka hadi nikalia. Halafu nikalia ya ukweli." Akafuta mikono kwenye leso. "Unajua nilikuwa nimefunga sanduku? Neno moja tu kutoka kwa mama, ningekuja siku hiyohiyo. Nikaisoma ile karatasi mara tatu namtafuta ndani, sikumpata. Nikasema, huyu ni mtoto amefanya insha. Labda kaka yangu ndiye amemtuma. Mama hata hajui nimeandikiwa."

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia wazi kwamba nililifikiria hilo, viazi viwili vizima. Kisha nikamweleza yote, tangu pedi ya samawati hadi kidole juu ya karatasi.

Hakunikaripia. Alipunguza moto, akakaa kwenye kigoda.

"Kile cha chini ya dirisha?"

"Hichohicho."

"Na alikuwa analianika godoro?"

"Kila Jumamosi, shangazi. Hadi mwaka ukaisha."

"Mlikuwa mnalala wapi wageni wakija?"

"Mimi na wao kwa mkeka. Hakuruhusu mtu."

Akaniomba niseme maneno ya Kukhu kama alivyoyasema, kwa Kibukusu chake. Nikayasema. Yalikuwa machache, yakaisha upesi, akaniambia nirudie. Nikarudia. Machozi yalimtoka shangazi bila sauti, na sitawaambia yalitiririka njia ngapi. Kisha aliinuka, akageuza viazi, akaniuliza kama nataka chumvi zaidi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria lile "hapana" la Kukhu. Nilipokuwa mtoto niliamini kwamba mtu asiyeuliza tena amesahau, au amechoka, au hajali sana. Kukhu alikuwa ametuma yote aliyokuwa nayo. Aliyasikia yakisomwa, akayagusa kwa kidole, akaridhika kwamba yameandikwa. Kwa hiyo kimya kilipokuja kutoka Kitale alikipokea kama jibu, akaishi nalo miaka yake iliyobaki, akipalilia, akiimba besi kanisani, bila kumlaumu mtu. Hakuomba barua ya pili kwa sababu aliamini binti yake ameisoma ya kwanza.

Siku hizi nikikaa kuandika, sentensi nzuri ikinijia upesi, naiogopa kidogo. Ninachotamani si sentensi. Natamani Kukhu aketi tena pale na mchicha wake, na mimi niwe na kalamu na karatasi tupu, nimwambie: sema tena, polepole, nakuandika wewe.