Siku Tuliyochoma Uzi Mweusi

Kila ninapokwenda saluni kusuka rasta, hufika dakika ambayo siipendi. Msusi akishamaliza huwasha kiberiti cha gesi, hukusanya ncha za nywele kiganjani na kuziunguza ili zisifumuke. Wenzangu huendelea na soga zao. Mimi hubana pumzi. Harufu ya uzi unaoungua hunirudisha, nitake nisitake, kwenye kilima cha mawe nyuma ya nyumba yetu ya Nyakato, saa nane mchana, nikiwa na miaka kumi, tumbo tupu. Msusi huniuliza kama ameniunguza. Namwambia hapana, endelea.

Habari hii nimeisimulia kanisani mara nyingi, tena kwa mbwembwe. Leo nawasimulia ninyi kwa namna nyingine, na mbele mtaona kwa nini.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya pamba. Alikuwa akishona midomo ya magunia ya mashudu, yale makapi ya mbegu wanayolishwa ng'ombe. Jioni alirudi akinuka mafuta hayo, harufu nzito yenye utamu wa karanga zilizoanza kuchacha, na juu yake, siku nyingi, harufu ya gongo. Hakuwa mlevi wa kupiga watu. Alikuwa mlevi wa kunyamaza. Aliketi kwenye kigoda mlangoni akaiangalia miguu yake mpaka chakula kikapoa, na mara nyingine alisinzia papo hapo, ikabidi nimwamshe aingie ndani. Mimi na mdogo wangu Masalu tulimpenda, lakini hatukujua tuanzie wapi.

Mwaka ule, likizo ya Juni ilipokaribia, Mama aliamua kufunga siku arobaini kwa ajili yake. "Zikiisha na bado anakunywa," alituambia siku moja akipepeta mchele, bila kuinua uso, "tunahamia Usagara kwa bibi yenu. Nimeshaongea naye." Masalu alifurahi, maana bibi alikuwa na mbuzi. Mimi nilikwenda kulia chooni. Nani angemwamsha Baba pale kigodani?

Basi nikaomba na mimi nifunge. Mama alikubali nifunge Ijumaa tu, siku ambayo yeye na kina mama wenzake wa kikundi cha maombi walipanda kilimani. Watoto waliruhusiwa kula saa sita. Mimi nikatangaza kwamba nitafika saa tisa kama watu wazima, bila hata tone la maji. Nilikuwa na kiburi, naungama. Na nilikuwa na ujanja pia: mfukoni nilificha kiberiti, nikawa natafuna mkia wa njiti ili kulidanganya tumbo. Mama Eliya, jirani yetu aliyekiongoza kikundi, alinikamata Ijumaa ya kwanza tu. "Kutafuna nako ni kula, Minza," alisema. "Mungu hadanganywi kwa kijiti." Kina mama wakacheka. Tangu hapo nikawa natafuna kwa siri.

Mnaoijua Mwanza mnayajua mawe yake. Mengine ni makubwa kuliko nyumba, yamepandana kana kwamba kuna aliyekuwa akiyapanga akaondoka kabla ya kumaliza. Kila mama alikuwa na mahali pake kati ya mawe hayo, kwa hiyo wakishatawanyika hukumwona hata mmoja. Ulisikia sauti tu. Mtu alilia karibu kabisa na sikio lako, ukigeuka hapana mtu, ni jiwe. Mwingine alimtaja mwanawe kutoka chini ya miguu yako. Ghafla pimbi walipiga kelele huko mapangoni mwao, sauti zote zikakatika, kisha zikaanza tena moja moja. Kwa mbali ziwa lilionekana, na siku nyingine nguzo nyeusi za sami, wale wadudu wadogo wa majini, zilisimama juu yake kama moshi usio na moto. Jua lilikuwa utosini, mchana mweupe, na bado nilihisi kuna mtu ananiangalia.

Kulikuwa na jiwe moja lenye ufa, upana wake mkono wa mtoto. Upepo wa ziwani ukipita humo, jiwe liliguna. Wakati mwingine liliguna mara mbili, halafu likanyamaza muda mrefu, hata ukajikuta unasubiri. Watu wa zamani, tuliambiwa, waliwawekea mizimu pombe na nafaka pale. Kwa hiyo Mama Eliya alikuwa amekataza mtu yeyote wa kikundi asiliguse. Njia yenyewe ya kwenda pale ilikuwa imeota majani.

Ikafika Ijumaa ya tano. Ni lazima niwaambie kwamba kufikia hapo Baba alikuwa hanuki gongo. Karibu wiki nne nzima. Mama hakuthubutu kulisema kwa sauti, aliogopa lisije likapotea. Lakini kulikuwa na jambo jingine: Baba alikuwa anachelewa. Alirudi na mikwaruzo miguuni na vishona nguo kwenye suruali, na alipoulizwa alisema amepita njia ya mkato. Mama alizifua suruali zile kwa ukimya mbaya, akivichomoa vishona nguo kimoja kimoja. Sikujua anafikiria nini. Sasa mimi ni mke wa mtu, najua.

Siku hiyo kiu ilinishika vibaya. Ulimi ulikuwa umenata. Nikakumbuka kwamba ule ufa huwa na ubaridi, na huku njiti ikiwa mdomoni nikanyata hadi pale nilipokatazwa, nikaegemeza shavu kwenye jiwe. Jiwe likaguna. Nilitaka kukimbia, lakini jicho langu lilikuwa limeshaona kitu ndani, cheusi, cha ukubwa wa kidole gumba. Nikaingiza mkono.

Kilikuwa laini, tena kina mafuta. Uzi mweusi, mafundo matupu, fundo baada ya fundo, umezungushwa juu ya kipande cha karatasi kilichokunjwa. Nikaufungua kidogo. Kwa kalamu ya wino, herufi kubwa zilizokandamizwa mpaka zikatoboa karatasi, palikuwa pameandikwa: MINZA. MASALU. MAMA YAO.

Nilipiga ukelele ambao hata pimbi waliunyamazia. Kina mama wakatokeza kwenye mawe kila upande, wengine kutoka mahali ambapo sikujua kama mtu anaweza kuenea. Mama Eliya alikitazama kile kitu bila kukigusa. "Mafundo," alisema polepole. "Mnaona mafundo? Mtu amewafunga hawa."

Mimi nilikuwa nimekinusa. Sijui kwa nini nilikinusa. "Kinanuka Baba," nikasema.

Mama alishika kinywa. Mama Eliya alifumba macho, akatikisa kichwa kama daktari aliyepata jibu. "Ndiyo. Yeye ndiye aliyefungwa wa kwanza. Mwanangu, Mungu amekutumia."

Mnielewe: mtoto wa miaka kumi, ana njaa na kiu, anaambiwa Mungu amemtumia. Nilijiona nimerefuka. Walisema aliyekiona ndiye akichome, lakini hakuna aliyekuwa na moto. Mama Eliya akanigeukia. "Toa kiberiti chako, Minza. Najua unacho." Nikalitoa kasha, tupu. Njiti iliyobaki ilikuwa ile ya mdomoni. Nikaichomoa, nikaiwasha.

Uzi ulishika moto mara moja kwa sababu ya mafuta. Ulijikunja na kujinyonga kana kwamba una uhai, ukadondosha matone meusi juu ya jiwe. Karatasi ikafunguka yenyewe kwenye moto, jina langu likanitazama, kisha likapinda na kutoweka. Kina mama walikuwa wanakemea kwa sauti moja. Ilipokaribia kuniunguza, niliizima njiti na kuitupa hapo hapo. Tuliposhuka, nyuma yetu jiwe liliguna tena, na hakukuwa na upepo.

Jioni hiyo Baba alirudi amelewa.

Hakukaa kigodani. Alisimama mlangoni akatutazama mmoja mmoja: Mama, Masalu, kisha mimi. Kwangu macho yake yalibaki. Yalikuwa mekundu, na yalikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona tena kwa mtu. Alifungua mdomo kama anayetaka kuniambia jambo. Mimi nikaona pepo tuliyemfukuza kilimani amekuja kutafuta mahali pa kukaa, na ananiangalia kupitia macho ya baba yangu. Nikanyoosha mkono kama nilivyowaona kina mama wakifanya. "Shindwa!" nikapiga kelele. "Shindwa kwa jina la Yesu!"

Baba alirudi nyuma hatua moja. Akaufunga mdomo, akatoka, akakaa nje chini ya dirisha. Mama alianza kufunga nguo zetu kwenye kitenge.

Asubuhi Mama Eliya alikuja kumsihi asiondoke kwanza. Alisema adui akishashindwa hurusha teke la mwisho, tusubiri wiki moja. Tukasubiri, kitenge kikiwa pembeni ya kitanda. Jioni ya Jumamosi hiyo Baba alirudi akinuka mafuta ya pamba tu. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Siku arobaini zikatimia, nguo zikarudi kwenye sanduku, na habari ya Usagara haikutajwa tena.

Tangu hapo nikawa mtoto mwenye ushuhuda. Niliutoa kanisani, nikautoa sekondari, nikautoa kwenye semina za vijana mpaka ng'ambo ya Busisi. Nilijua mahali pa kushusha sauti na mahali ambapo watu wangesimama. Baba alikuwa akikaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Kila nilipomaliza alipiga makofi pamoja na wengine. Mama alifariki akiishukuru ile njiti.

Mwaka jana nilikwenda Nyakato kumchukua Baba aje kuishi kwangu. Ninaishi Usagara, kwa hiyo mnaona mambo yalivyogeuka. Wakati tunafungasha nilivuta kopo la maziwa ya unga kutoka chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na donge la uzi, kubwa kiasi cha kujaza kopo lote. Juu ulikuwa mweupe, uzi safi wa dukani. Nilipoupekua ulianza kuwa wa kijivu, kisha mweusi, wenye mafuta, na wote ulikuwa mafundo, fundo baada ya fundo. Ile harufu ikanipanda puani. Nikakaa sakafuni.

"Baba, hii ni nini?"

Alikuwa anakunja blanketi. "Ni uzi wa magunia, mayu," alisema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe. "Fundo moja, siku moja. Siku ambayo sijanywa."

"Na ule wa kwanza?"

"Ule ulikuwa na mafundo ishirini na saba." Akaliweka blanketi kitandani. "Nilimsikia mama yako anawaambia habari ya Usagara. Nilikuwa mlangoni. Nikawaandika majina, nikawa napanda pale kila nikitoka kazini, nafunga fundo, naomba. Nilijua lile jiwe hamligusi."

Chini kabisa ya kopo palikuwa na karatasi ndogo. Niliifungua. Ilikuwa na njiti ya kiberiti, nusu imeungua. Nusu nyingine ilikuwa imetafunwa mpaka imechanika nyuzinyuzi kama mswaki wa mti.

"Niliikuta kwenye majivu," Baba alisema. "Nikajua meno yako."

Nilitamani ardhi inimeze. Nilikumbuka alivyosimama mlangoni, alivyofungua mdomo, na nilivyomnyooshea mkono. Nikakumbuka na yale makofi, miaka ishirini na zaidi ya makofi kutoka benchi la nyuma. Nililia kama nilivyolia chooni siku ile. Nilipoweza kusema nilimuuliza kwa nini hakuniambia, hata mara moja, hata tulipokuwa wawili tu.

"Ningekwambia nini? Mtoto mdogo alikuwa anashinda na kiu kwa ajili yangu." Alikaa kitandani, akaiangalia miguu yake kama zamani. "Siku ile nilikunywa, ndiyo. Nikasema kama hata Mungu amenichomea, basi. Lakini ulivyonikemea, nikaona kumbe unanitaka kweli. Asubuhi nikaomba uzi kwa mwenzangu, nikaanza moja."

Kwa muda mrefu niliamini kwamba baba yangu aliokolewa na moto, na kwamba moto ule niliushika mimi. Moto wangu ulichoma siku ishirini na saba za mtu. Kilichomwokoa, Mungu akimshika, ni lile fundo moja alilolifunga kesho yake, na kichwa kikimuuma, na nyumbani hakuna aliyemsalimia.

Ushuhuda wangu wa zamani sijautoa tena. Mchungaji ameshaniuliza mara mbili. Siku moja nitasimama niuseme huu mwingine, nikipata ujasiri, Baba akiwa benchi la mbele.

Siku hizi vidole vyake vinatetemeka. Kila jioni, kabla ya sala, huniita barazani, akatoa uzi mfukoni na kunipa nimshikie ncha. Nashika, anafunga. Inachukua muda. Akishakaza hulipapasa lile fundo kuhakikisha lipo, halafu huniomba maji ya kunywa.