Nikaha ya Muyinga Bila Bwana Harusi

Habari kwamba usitishaji vita wa kule Kongo umevunjika ilinikuta nachambua mchele. Ulikuwa mchele wa harusi, wa kuupeleka Muyinga kwa mdogo wangu, na mikono yangu iliendelea kutoa mawe kana kwamba haikusikia redio ya jirani. Mimi nilisikia. Nilikaa pale kibarazani kwetu, mtaa wa Nyamugari hapa Gitega, nikajiuliza nani atakuja kuula.

Maana harusi yenyewe tuliipanga kwa kutegemea amani ile. Binti ya mdogo wangu alikuwa anaolewa na kijana wa Rwanda, fundi wa simu, ambaye zamani mpaka wa Rwanda na Burundi yetu ukiwa wazi alikuwa akija Gitega na vipuri vyake na kupanga chumba chetu cha nyuma. Binti alikuja kwetu likizo, simu yake ikaharibika. Ikatengenezwa. Ikaharibika tena. Mara ya tatu nilimwambia mume wangu kwamba simu hiyo haina ugonjwa wowote.

Baadaye vita vya Kongo vilipamba moto, nchi yetu na ya kijana zikawa zinalaumiana, mpaka ukafungwa. Kijana akabaki kwao, binti akabaki Muyinga, na mapenzi yakahamia hewani. Halafu wakubwa wakatia saini ya kusimamisha bunduki. Huku Gitega watu walisema mpaka utafunguliwa siku yoyote. Shemeji yangu, yaani baba wa binti, naye akasema sawa, tupange siku. Tukapanga. Bunduki nazo zikarudi kazini kabla ya siku yetu kufika.

Shemeji yangu ni mtu wa redio. Ana duka la vyombo sokoni Muyinga, na mteja akiingia wakati wa taarifa ya habari anasubiri iishe ndipo aonyeshwe sufuria. Jioni ile alinipigia akaanza kunisomea dunia nzima: wasuluhishi wamekasirika, mabalozi wameitwa kujieleza, mkutano wa marais wa kanda umeahirishwa, wazungu wanatishia kufunga misaada.

"Shemeji," nikamkatiza, "na harusi?"

"Harusi hakuna."

Kesho yake tukaondoka, mimi na mume wangu. Mafuta yalikuwa ya kutafuta siku hizo, hivyo tulishinda asubuhi nzima mtaa wa Magarama tukingoja gari litakalokubali kufika Muyinga, sisi na gunia letu la mchele, maana niliubeba hivyo hivyo. Mume wangu anachomelea milango na madirisha, si mtu wa maneno mengi. Yeye ni mzaliwa wa mjini Gitega, mimi nimekulia Kigoma, na tangu tuoane ananicheka kwamba nasema kama mtangazaji. Njiani, tukishapita Karuzi, alisema mara moja tu: "Ule kijana iko mutu muzuri. Mi namujua."

Tulimkuta shemeji amekaa sebuleni, mdogo wangu amesimama mlangoni amevimba macho, na binti yuko uani anafua nguo ambazo nadhani zilikuwa safi.

"Mimi sikatai kijana," shemeji alisema. "Nakataa hii hali. Nimpeleke mtoto kwenye nchi isiyosemezana na yetu? Akiugua, nani atanifungulia mpaka nikamwone? Akijifungua, mama yake atapita wapi?"

Lilikuwa swali la kweli. Mimi nilitaka kumpinga, nikajikuta nawaza jinsi mdogo wangu alivyo, ambaye mtoto akipiga chafya tu yeye halali.

Binti akaingia na mapovu mikononi. "Baba, mimi siolewi na serikali. Naolewa na mtu."

"Mtu huyo anakaa chini ya serikali, mwanangu."

"Basi akae kwingine!" Alisema kwa hasira tu, nadhani, lakini sote tukamtazama. Kutoka Muyinga hadi mpaka wa Tanzania pale Kobero si mbali, na ukivuka unaelekea Ngara. Sisi tunafika. Na wao kutoka kwao wanafika, kwa kupitia mpaka wao na Tanzania pale Rusumo. Mimi na mdogo wangu tulikulia Tanzania, nchi hiyo haitutishi.

"Mpigieni," nikasema.

Mume wangu ndiye aliyepiga, akaweka sauti kubwa. Kijana alipopokea, mume wangu hakuzunguka: "Bon. Sikia. Kama unamutaka huyu mutoto, utakaa naye Ngara. We unasema nini?"

Alikuwa na duka lake Kigali, wateja wake, chumba alichokuwa ameshapaka rangi kwa ajili ya mke. Binti aliuma ncha ya kitambaa chake.

"Ngara wana simu, baba mkubwa?" kijana akauliza.

"Wana simu mingi."

"Basi zitaharibika tu. Nitakaa."

Mdogo wangu alicheka na kulia kwa pamoja. Shemeji alizima redio, jambo ambalo sikuwahi kuliona nyumbani kwake. Ila kukawa na shida nyingine. Mama wa kijana aliposikia vita vimerudi alikataa kata kata mwanawe asikanyage Burundi: angefika Ngara, lakini hapo basi. Shemeji naye alikataa kata kata binti yake asivuke mpaka bila kuolewa. Sheikh wa mtaa alipoulizwa akasema mbona jambo dogo, kijana amteue wakili wa kupokea ndoa kwa niaba yake.

Kijana akamteua mume wangu.

Tangu saa hiyo hatukupata raha. Mume wangu, anayeweza kusimama juu ya paa na moto wa kuchomelea mkononi bila kutetemeka, alianza kuzunguka ua akijisemea. Nilimfuata na chai.

"Mi naogopa kitu moja tu," akaninong'oneza. "Nikisahau ile 'kwa niaba', si nitakuwa nimemuoa mi mwenyewe?"

"Jaribu uone," nikamwambia.

"We cheka tu. Tutarudi Gitega na bibi wawili."

Siku ya nikaha wanaume walikaa mkekani sebuleni, sisi wanawake nyuma ya pazia, mimi nikichungulia kuliko adabu inavyoruhusu. Simu iliwekwa juu ya kigoda katikati yao, bwana harusi akiwa ndani yake, huko Ngara. Shemeji alishika mkono wa mume wangu, akasema yake vizuri. Zamu ya mume wangu ikafika.

"Nimekubali ndoa yake..." akasema. Akakwama.

Mdogo wangu alinifinya mkono mpaka nikasikia mfupa. Niliona shingo ya mume wangu inatoa jasho.

"Kwa niaba ya... ya ule kijana!"

"Kijana yule ana jina, mzee wangu," sheikh akasema kwa upole.

"Mimi hapa! Mimi hapa!" simu ikapiga kelele kutoka kwenye kigoda.

Watu waliangua kicheko, hata sheikh alijifuta macho. Ilibidi waanze upya. Mara ya pili mume wangu alitaja jina la kijana na la baba yake, taratibu, kwa Kiswahili sanifu kabisa ambacho sijamsikia akikisema tena. Sisi nyuma ya pazia tukapiga vigelegele. Mchele ulitosha watu wote na ukabaki.

Siku iliyofuata tulimsindikiza binti. Pale Kobero tulipanga foleni na wafanyabiashara wa mahindi, tukagongewa karatasi zetu, tukavuka. Nilidhani nitafurahi kuikanyaga tena Tanzania, kumbe macho yangu yote yalikuwa kwa mdogo wangu, aliyekuwa akirekebisha mtandio wa bintiye kila baada ya hatua chache, mtandio ambao haukuwa na kasoro.

Kijana alikuwa anatusubiri stendi ya Ngara na mama yake, mwanamke mrefu aliyevaa miwani, ameshika kapu la maandazi. Alikuwa ametuogopa njia nzima, alikuja kutuambia baadaye, na sisi tulikuwa tumemwogopa yeye. Alimtazama mkwewe kwa muda, kisha akamgeukia mdogo wangu, akasema kwa Kiswahili chake cha kutafuta maneno: "Mama, mimi nitamutunza. Na wewe unitunzie wangu." Mdogo wangu alimkumbatia, wakakaa hivyo mpaka maandazi yakamwagika.

Vita havijaisha. Wameshatia saini tena na kulaumiana tena, na mpaka wetu na Rwanda bado umefungwa. Wale wawili wana kibanda chao cha simu karibu na soko la Ngara. Binti ndiye anayepokea wateja, kwa sababu mumewe hana uso wa kumtajia mtu bei.

Mwaka huu walipata mtoto wa kike, nikaenda kuwapikia. Bibi wote wawili walikuwa wamefika kabla yangu, kila mmoja kwa mpaka wake, na walikuwa wakilala kitanda kimoja na kugombana mchana kutwa. Mmoja anataka mtoto afungwe vitambaa viwili, mwingine anasema joto litamuua. Mmoja anataka akandwe kwa mafuta ya nazi, mwingine ameleta samli kutoka kwao. Asubuhi moja waliniita jikoni wote wawili kwa pamoja, nije niamue. Nikawaambia uji unaungua.