Cherehani na Mgomba Uliohama

Kila mlinzi wa benki anaponipitishia kile kifimbo chake mlangoni, kikafika kiunoni penye funguo na kulia tiii, ninarudi mtoto. Ninasimama tena uani kwetu, mtaa wa Mulongwe, miguu imejaa udongo, na moyoni mna kidonda ambacho sijui kama kiliwahi kupona sawasawa. Ni wivu.

Vita vilipokaribia, mama alichukua kichwa cha cherehani yake, akakipaka mawese kila mahali, hata kwenye tundu la sindano, akakifunga kwa turubai na kukilaza ndani ya sufuria kubwa ya sherehe. Tukachimba pamoja. Juu ya shimo akapanda chipukizi la mgomba, kama walivyofanya majirani wengi, ili mtu akirudi ajue pa kuchimba.

"Panga huota kutu, neno halioti," aliniambia. "Weye ndiye mukubwa. Shika: mbele ya mulango wa jiko, pale namwangaka maji ya sahani."

Mama alifia ukimbizini, upande wa Burundi. Baba alikuwa ametangulia. Tuliporudi, mimi nilikuwa na wadogo watatu, shule niliyoiacha mwaka wa nne wa msingi, na neno hilo. Kushona nilikujua, mama alinifundisha tangu miguu yangu haijafika kwenye pedali. Cherehani ikipatikana, wadogo watakula. Nilichimba chini ya mgomba mpaka mizizi ikabaki hewani. Sikukuta kitu.

Hapo ndipo anapoingia Ramazani. Alikuwa rika langu, akikaa nyuma ya ua wetu kwa bibi yake, koko kama tunavyoita sisi, katika ukoo wa wachuuzi wa zamani wa ziwani. Mjomba wake alimletea kutoka Bujumbura mashini ya kusikilizia chuma: fimbo ndefu yenye sahani chini, na vidude viwili vya kufunika masikio. Alitembea nayo kwa kupenda tu, akitoka shule, kaptula yake ya buluu imenyooshwa kwa pasi, na mtaa mzima ukimfuata. Akiokota kizibo cha bia, watu walishangilia kama amepata ng'ombe wa milima ya Mulenge. Akimpatia jirani jembe lake lililofukiwa, alikaribishwa kula samaki pamoja na wakubwa. Mimi nilikuwa natwanga mihogo. Nikisikia vigelegele, nilitwanga kwa nguvu mpaka unga ukaruka nje ya kinu.

Sikutaka kumwita. Mama anikabidhi neno, halafu mtoto wa watu aje kulimaliza kwa mashini ya zawadi? Lakini Bahati, mdogo wangu anayenifuata, alikuwa na njaa, na njaa haiombi ruhusa. Akamleta, na kundi lake lote.

"Yaya alichimba mubaya," Bahati aliwatangazia; yaya kwetu ni dada mkubwa.

"Sikuchimba mubaya! Mama alisema hapa."

Ramazani akashusha vidude vyake shingoni. "Alikuambia na kinywa yake mwenyewe?"

"Ulifikiri na kinywa ya mbuzi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Basi sema tena. Vile vile alisema."

Nikasema, kwa hasira. Mashini ililia kila mahali, maana maganda ya risasi yalikuwa yametapakaa ardhini kama mbegu. Aliyachokoa, akasikiliza tena, akachokoa. Mwishowe akasimama mbali na mgomba, karibu na mlango wa jiko.

"Iko hapa. Neno yako iko sawa," alisema. "Mugomba ndio ilihama. Mama anakufa, watoto wanaota kando."

Nani kwetu asiyejua kwamba mgomba hutembea? Lakini anayekimbia hupanda kwa hesabu ya kurudi kesho kutwa.

Nilipofungua turubai, harufu ya mawese yaliyolala ilinijaa puani. Nikazungusha gurudumu, likazunguka. Wadogo wangu walipiga kelele za furaha, kisha wakanikimbia wote kwenda kugusa mashini ya Ramazani. Nilimshukuru kwa adabu zote. Nilimpa hata mkungu wa ndizi, nao ulinitoka mikononi kama jino.

Tangu hapo nilimtupia jicho. Kila jioni alikuwa akitembea uani kwa bibi yake, masikio yamefunikwa, akipita palepale alipopita jana. Ua wenyewe haukuwa mkubwa.

"Anaringa," nilimwambia Bahati. "Hata kwao anataka aonekane."

Miaka ilipita, nikawalea wadogo wangu kwa cherehani ile. Siku moja Ramazani alikuja nimshonee suti ya ndoa. Nilikuwa nampima mabega alipoitazama cherehani, akasema, "Dada Furaha, unajua nilikuwa nakuonea wivu?"

Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. "Minye? Unionee mimi, na ule unga kichwani?"

"Weye ulikuwa na mutu alikuambia. Baba yangu, siku walimuchukua, koko aliona tu mikono yake iko na udongo. Hakupata nafasi ya kusema alifukia wapi."

"Ukapata?"

"Vizibo ya bia," alisema, akacheka kidogo.

Nilipima mabega yale upya, maana namba zilikuwa zimenipotea. Jioni zile zote nilikuwa nimemwona kijana anayeringa na mashini. Kumbe alikuwa mtoto aliyeiinamia ardhi, akiiomba imtamkie kile ambacho mimi niliambiwa mchana kweupe, na mama mwenye mawese mikononi.